Walioimba Peke Yao kwa Kukosa Wenzao

Mwaka 1602 mtawa wa Kifransisko, Lodovico Grossi, alichapisha kitabu cha nyimbo za kanisa huko Venice. Alizaliwa Viadana, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia kando ya mto Po, na jina la mji huo ndilo lililomganda hadi leo. Kitabu kiliitwa Cento concerti ecclesiastici, yaani nyimbo mia moja za kanisa, za sauti moja, mbili, tatu na nne pamoja na kinanda cha mabomba. Wanahistoria wa muziki hukitaja kila wanapoeleza jinsi baroko, mtindo wa muziki wa Ulaya wa tangu karibu mwaka 1600, ulivyoanza. Mimi hunivuta zaidi dibaji yake, maana imeandikwa na mtu aliyechoka kusikia jambo lilelile likiharibika.

Kisa chenyewe ni hiki. Waimbaji wakiwa watatu, au wawili, au mmoja, nao wanataka kuimba na kinanda, hawakuwa na nyimbo zilizotungwa kwa idadi yao. Nyimbo zilizokuwepo zilikuwa moteti, yaani nyimbo za kanisa za Kilatini, za sauti tano, sita, saba, hata nane. Ukikosa la mama, hata la mbwa li tamu: wakawa wanachomoa sauti moja au mbili kutoka kwenye moteti hizo na kuziimba, nyingine wakiziacha. Viadana anataja matokeo yake kama fundi anayeonyesha nyufa za ukuta. Kuna vituo virefu visivyo na maana, kwa sababu aliyetakiwa kujibu pale hayupo. Hakuna tuni ya maana wala mwisho unaoeleweka. Maneno yanakatika katikati, na mengine hayasikiki kabisa kwa kuwa yalikuwa kinywani mwa mwingine.

Aliyewahi kuimba kwenye kwaya ya kigango anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Jumapili ya mvua wanafika soprano kumi na mmoja, alto watatu, na besi mmoja mwenye mafua. Wa teno hakuna hata mmoja. Mwalimu anatazama mlangoni, anatazama saa, kisha anasema tuimbe hivyohivyo. Mnafika pale ambapo teno ndio wanaoanzisha, na kanisa zima linasikia shimo.

Viadana hakuomba aongezewe waimbaji. Alitunga wimbo ambao tangu nota ya kwanza ni wa mtu mmoja na unamtosha mtu mmoja, kisha akampa mpiga kinanda mstari wa chini tu. Mstari huo unakwenda bila kukatika mpaka mwisho, hata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Ndiyo maana wataalamu wanauita besi endelevu. Mkono wa kushoto unaupiga kama ulivyoandikwa, na wa kulia unajaza akordi, nota kadhaa zinazolia pamoja, papo hapo, kwa sikio na uzoefu. Mtunzi Emilio de' Cavalieri, katika kazi yake iliyochapishwa Roma mwaka 1600, alikuwa amekwisha kuweka tarakimu juu ya nota za besi ili kumwongoza mpigaji. Viadana hakuweka tarakimu. Aliweka alama za kupandisha na kushusha nota tu, mengine akamwachia mwenye kinanda.

Njia hiyo ilipendwa upesi, na si kwa sababu za sanaa peke yake. Mwaka 1607 Agostino Agazzari wa Siena alichapisha kijitabu cha kufundisha namna ya kupiga juu ya besi, na humo akatoa hoja ambayo karani yeyote angeielewa: kama mpiga kinanda wa kanisa moja tu la Roma angelazimika kuwa na nota kamili za kila kinachoimbwa humo kwa mwaka, angehitaji maktaba kubwa kuliko ya daktari wa sheria. Mstari mmoja wa besi ulipunguza karatasi, wino, gharama na kazi ya kunakili.

Nimeanza na uhaba huu kwa makusudi. Hadithi tunayosimuliwa kwa kawaida huanzia Firenze, kwenye nyumba ya mwungwana Giovanni de' Bardi, ambako wasomi walijadili jinsi Wagiriki wa kale walivyoweza kumliza mtu kwa sauti moja, wakati muziki wao wenyewe, wenye sauti nyingi zilizosukwa kama mkeka, ulifurahisha masikio na kuyafukia maneno. Mwimbaji na mtunzi Giulio Caccini alitoka kwenye mazungumzo hayo, na kitabu chake cha nyimbo za sauti moja kilitoka mwaka uleule wa 1602. Hayo ni kweli. Tena Kanisa lilikuwa na sababu zake, kwa kuwa Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1562 uliagiza muziki wenye mambo ya anasa uondolewe kanisani, na maaskofu wengi waliochukua hatua baada yake walisisitiza maneno yasikike. Lakini wasomi wa Firenze waliandika kwa ajili ya kumbi za watawala. Aliyetembea na wazo hilo mpaka kwenye makanisa yenye waimbaji wawili watatu ni mtawa mwenye malalamiko. Mtu akiusikiliza muziki huu bila kukumbuka ule upungufu uliouzaa, atasikia mapambo tu. Nadhani ndivyo unavyosikilizwa mara nyingi siku hizi.

Chukua masharti ambayo Viadana aliyatanguliza kwenye kitabu chake. Sharti la kwanza linamhusu mwimbaji: aimbe kwa upole na busara, aweke madoido kwa kiasi, wala asiongeze kitu kisichoandikwa, maana siku hizi, anasema, wapo waliojaliwa koo kidogo ambao hawaimbi wimbo kama ulivyo hata siku moja. La pili linamhusu mpiga kinanda: apige kawaida, hasa mkono wa kushoto, na akitaka kutia mbwembwe asimfunike mwimbaji. Kwingine anasema afadhali mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu ya kughushi kuliko mtoto, kwa sababu watoto huimba bila umakini. Ni maneno ya mwalimu wa kwaya aliyekwisha kuumia. Alikuwa amewahi kuongoza muziki wa kanisa kuu la Mantova, kwa hiyo alijua anachosema kuhusu watoto.

Mantova hiyohiyo ndiko alikokuwa akifanya kazi mtunzi Claudio Monteverdi, katika jumba la ukoo wa Gonzaga, watawala wa mji huo. Mwaka 1610 alichapisha Venice kitabu kikubwa chenye misa na muziki wa Masifu ya Jioni ya Bikira Maria, akamtabarukia Baba Mtakatifu Paulo V, akasafiri mpaka Roma akitumaini pia kumpatia mwanawe nafasi ya seminari. Zaburi zake ni za fahari, zina sauti nyingi, violini, korneto na tromboni. Katikati ya zaburi hizo aliweka nyimbo za watu wachache, na ukurasa wa jalada wenyewe unadokeza kwamba zinafaa vikanisa vidogo au vyumba vya wakuu. Wimbo wa kwanza kati ya hizo ni wa mtu mmoja: Nigra sum.

Maneno yake yanatoka kwenye Wimbo Ulio Bora. Msichana anawaambia binti za Yerusalemu kwamba yeye ni mweusi na ni mzuri, na kwa hiyo mfalme akampenda akamwingiza chumbani mwake. Anayeimba ni teno, mwanamume mzima, na Monteverdi hajisumbui kulieleza hilo. Mwanzo unasemwa karibu na maongezi, chini, bila haraka. Kisha mfalme anasema surge, inuka, na sauti inapanda ngazi hatua kwa hatua, neno na tuni vikifanya tendo moja. Inarudia kupanda tena, kana kwamba aliyeambiwa ainuke alisitasita. Baadaye yanakuja maneno ya kwamba majira ya baridi yamepita, mvua imekwisha, maua yametokea, na wakati wa kupogoa mizabibu umewadia. Hapo mtunzi mwingine angemwaga nota. Monteverdi anamweka mwimbaji juu ya nota moja na kumwacha hapo, huku besi ikitembea chini yake. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni asiyeamini kwamba mvua imekatika kweli, na miguu ya wengine inapita.

Hiyo ndiyo faida ya kuwa peke yako. Katika moteti ya sauti nane neno surge lingepanda mara nane kwa zamu na ungeona ufundi. Hapa inapanda moja, na unamwona mtu.

Mwaka 1613 Monteverdi alichukuliwa na Basilika ya San Marco huko Venice, akaongoza muziki wake hadi alipofariki mwaka 1643. Venice ilikuwa na wachapishaji, waimbaji hodari na sikukuu zisizokwisha, na nyimbo za sauti moja zikafurika. Leonardo Simonetti, mwimbaji wa San Marco, alikusanya moteti za namna hiyo mwaka 1625 kwenye kitabu kiitwacho Ghirlanda sacra, shada takatifu. Humo yumo Monteverdi, lakini aliyebaki kichwani mwangu ni msaidizi wake, Alessandro Grandi. O quam tu pulchra es ya Grandi nayo inatoka kwenye Wimbo Ulio Bora, na inafanya jambo moja ambalo waimbaji wengi wa leo hulikosa: inabadilisha mwendo bila kubisha hodi. Mtu anazungumza, ghafla anacheza kwa mapigo matatu, ghafla anasimama. Mwisho, anapofika kwenye maneno kwamba anaugua kwa mapenzi, wimbo hauna nguvu tena hata ya kupaza. Grandi ndiye pia aliyechapisha mwaka 1621 moteti za sauti pamoja na violini mbili, na muungano huo wa koo moja na fidla mbili ukadumu kwa vizazi. Mwaka 1627 alihamia Bergamo kuongoza muziki wa Santa Maria Maggiore. Mwaka 1630 tauni ikamkuta huko.

Tauni ile iliua karibu theluthi ya watu wa Venice na kubomoa kwaya, familia na viwanda vya uchapaji vya kaskazini nzima. Baada yake, kutunga kwa waimbaji wachache lilikuwa jambo la hesabu tu.

Kulikuwa na mahali pengine ambako uhaba haukuletwa na maradhi bali na amri. Wanawake hawakuruhusiwa kuimba kwenye kwaya za makanisa ya kawaida. Ndani ya monasteri za kike, hata hivyo, watawa waliimba kila siku, na maaskofu hawakuacha kuwabana: wasiingize walimu wa nje, wasipige vyombo fulani, wasionekane. Kanisa la monasteri liligawanywa mara mbili kwa ukuta, watawa ndani na waumini nje, na sauti ikapita kwenye wavu wa chuma. Lucrezia Vizzana wa monasteri ya Santa Cristina huko Bologna alichapisha moteti zake mwaka 1623, nyingi zikiwa za sauti moja au mbili na besi. Huko Milano, Chiara Margarita Cozzolani wa monasteri ya Santa Radegonda alichapisha vitabu vyake miaka ya 1640 na 1650, akaja kuwa abesi, yaani mama mkuu, wa jumuiya ambayo wageni walisafiri kuisikiliza. Askofu Mkuu Alfonso Litta alijaribu kuuzima muziki huo. Na Barbara Strozzi wa Venice, ambaye hakuwa mtawa wala hakuwa na kanisa la kuimbia, alitoa kitabu kizima cha moteti za sauti moja mwaka 1655. Mtu anayebishana leo kama ni halali mwanamke kuimba muziki huu kwa kigezo cha historia, akumbuke wavu ule wa chuma kabla hajamaliza sentensi.

Sasa nije kwenye vyombo, maana ndivyo vinavyouza tiketi. Tangu Nikolaus Harnoncourt na wenzake waanzishe kikundi cha Concentus Musicus huko Vienna mwaka 1953, muziki huu umerudishwa kwenye vyombo vya wakati wake, au tuseme nakala zake, kwa sababu vingi vinavyopigwa leo vimetengenezwa na mafundi walio hai. Nyuzi ni za utumbo wa kondoo. Zinalegea hewa ikibadilika na fidla yake haina ule ukali wa chuma. Tiorba ni chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu kupita kimo cha watoto wengi, nyuzi zake za besi zikiwa zimening'inia nje ya ubao wa vidole, zinapigwa wazi. Msomaji wa pwani yetu atamtambua babu yake: udi uliingia Ulaya kutoka kwa Waarabu, jina al-ud likageuka liuto kwa Kiitaliano, na liuto ikarefushwa shingo ikawa tiorba. Namna kidole kinavyoachia uzi na mlio kufa wenyewe taratibu chini ya mwimbaji, mpenzi wa taarabu hahitaji kufundishwa.

Korneto ndiyo ya ajabu zaidi. Ni kipande cha mti kilichopinda kidogo kama pembe. Fundi anapasua mti huo urefu, anauchimba ndani kila nusu, anaziunganisha kwa gundi na kuzivalisha ngozi nyeusi. Ina matundu ya vidole kama filimbi, lakini inapulizwa kwa midomo inayotetema kama tarumbeta, kwenye kinywa kidogo sana ambacho wengi hukiweka pembeni mwa midomo. Marin Mersenne, padre Mfaransa aliyeandika juu ya vyombo vyote alivyovijua, alisema mwaka 1636 kwamba mlio wake kati ya sauti za waimbaji kanisani ni kama mwali wa jua unaotokea gizani. Ni ngumu kuipiga kiasi kwamba ilikaribia kutoweka kabisa. Iliheshimiwa kwa sababu iliweza kumwiga mwimbaji mpaka kwenye matamshi, na hilo linaturudisha palepale: hata chombo kilipimwa kwa maneno.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wenzangu. Rekodi nyingi zinazojitangaza kwa vyombo vya kale hutumia kinanda kidogo cha sanduku, chenye mabomba ya mbao yaliyozibwa kichwani, kinachobebwa na watu wawili na kuingia kwenye gari. Kinafaa safari. Kimetengenezwa kwa mahitaji ya karne ya 20. Kinanda cha kanisa la Kiitaliano cha wakati wa Viadana kilikuwa ukutani, juu, na sauti yake ya msingi ilitoka kwenye mabomba ya metali yaliyo wazi, yenye upepo wa taratibu. Mwimbaji alipanda ngazi akasimama karibu nacho. Sauti ya mtu na sauti ya mabomba zilishuka pamoja kwa watu waliokuwa chini. Ukibadilisha hicho kwa sanduku, umebadilisha uwiano wenyewe: sasa mwimbaji yuko mbele, mkubwa, na kinanda ni mnong'ono nyuma yake. Inachekesha kwamba watu hubishana kuhusu nyuzi za utumbo na kama nota A ya Venice ilikuwa karibu nusu toni juu ya yetu, kisha chombo ambacho Viadana alikitaja kwenye kitabu chake ndicho wanachokifanyia mzaha.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linapendwa zaidi. Kwa kuwa besi imeandikwa mstari mmoja na mpigaji ana uhuru, baadhi ya vikundi hupakia juu yake tiorba tatu, kinubi, gitaa, kinanda, lirone na violone, ambazo ni fidla kubwa za kale, na ngoma ya kutingisha. Agazzari aligawa vyombo mafungu mawili, vya msingi na vya mapambo, na alijua vikundi vikubwa. Lakini wimbo uliotungwa kwa sababu hapakuwa na watu, ukiuwekea watu tisa wa kusindikiza, unamrudisha mwimbaji kwenye msongamano uleule aliotolewa. Maneno yanazama tena. Wasikilizaji wanapiga makofi kwa mdundo.

Nimewahi kuulizwa swali ambalo ni gumu kuliko hayo yote. Kama maneno ndiyo roho ya muziki huu, na maneno ni ya Kilatini, muuza samaki wa Venice aliyesimama nyuma ya kanisa aliambulia nini? Mapadre na watawa waliyajua kwa moyo, kama wengi wetu tulivyozijua Salamu Maria na Baba Yetu kabla ya kujua kusoma, na neno linalojulikana kwa moyo likikawizwa au kukatizwa na mtunzi linagusa kuliko neno jipya. Muuza samaki alisikia jinsi mtu anavyosema. Hasikii neno surge, anasikia mtu anainuliwa. Sina uhakika kwamba jibu hilo linatosha. Kuna siku naona kwamba muziki huu ulikuwa wa wachache zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Lakini nje ya liturujia, kwenye vikundi vya sala kama vile vya wafuasi wa Filipo Neri kule Roma na kwenye nyumba za watu, walitunga pia nyimbo za kiroho kwa Kiitaliano. Wimbo mmoja kati ya hizo ndio ninaoutumia kumpima kila mwimbaji wa muziki huu, kwa sababu hauna pa kujificha.

Aliutunga Tarquinio Merula, mpiga kinanda aliyefanya kazi sana Cremona, na ulichapishwa mwaka 1638. Ni bembelezi. Maria anamlaza mtoto Yesu. Besi ina nota mbili tu zinazopakana, A na B bemoli, moja baada ya nyingine, polepole, mbele na nyuma, kama mguu unaosukuma kitanda. Kaa kwenye kinanda chochote uzipige hizo mbili kwa dakika moja na utahisi kitu kikikukaza: ziko karibu mno, nusu toni, hivyo haziachi pumziko. Kwenye karatasi kuna mistari miwili, wa sauti na wa besi. Basi.

Mama anaanza kama mama yeyote. Sasa ni wakati wa kulala, lala mwanangu usilie, kwa maana utafika wakati wa kulia. Ubeti unaofuata anamwambia afumbe macho kama wafanyavyo watoto wengine, kwa sababu karibuni pazia jeusi litaifunika mbingu. Nyonya maziwa haya, maana mkatili mmoja anakuandalia siki na nyongo. Laza mwili wako kifuani hapa, kabla hujamrudishia Baba roho yako msalabani. Mikono hii na miguu hii, misumari. Uso huu mwekundu kuliko waridi, mate na makofi. Kichwa hiki na nywele hizi, miiba. Na kila ubeti unarudi kwenye maneno yaleyale ya kubembeleza, lala kipenzi, lala moyo wangu, na besi haisikii lolote kati ya hayo, inabembea tu. Sauti ikipanda kwa uchungu inagongana na nota moja kati ya zile mbili, inakwaruza, inarudi.

Bembelezi zetu nazo zina tabia hii, nani asiyejua. Mama anamwimbia mtoto asiyeelewa maneno yale ambayo hawezi kumwambia mtu mzima: njaa, baba aliyesafiri, mke mwenza. Mtoto ni kisingizio na msikilizaji wa pekee. Ndiyo maana mwimbaji anayeuimba wimbo wa Merula kwa kulia tangu ubeti wa kwanza anauua. Mama anayetaka mtoto alale halii kwa sauti. Anayeongeza madoido kwenye kila mwisho wa mstari naye anamwamsha mtoto. Nimesikia rekodi zenye ngoma na gitaa zikiongezeka ubeti kwa ubeti mpaka ikawa sherehe, na nimesikia moja yenye tiorba peke yake ambapo katikati ya beti unasikia mwimbaji akivuta pumzi na ukapata hofu kwamba hataweza kuendelea.

Baada ya beti kumi, mtoto analala. Merula anafanya jambo moja hapo. Anasimamisha kitanda. Zile nota mbili ambazo zimekuwa zikibembea muda wote zinaacha, besi inatulia, na mama anabaki akizungumza karibu bila tuni, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha. Anaomba dunia na mbingu zinyamaze. Kisha anajiuliza: na mimi wakati huu nifanye nini? Anajijibu kwamba atamtazama mpenzi wake, akiwa ameinamisha kichwa, mpaka mtoto wake atakapoamka.